Kifua kisicho na hisia: jibu kwa mama wa Tukuyu aliyewekewa titi la bandia

Msomaji ameandika hivi:

"Shikamoo sista. Nina miaka 38, naishi Tukuyu, nalima ndizi na parachichi. Mwezi uliopita nilitolewa titi la kushoto Dar es Salaam kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani. Siku hiyohiyo wakaniwekea titi la bandia la silikoni. Mirija ya kutoa maji ilitolewa wiki ya pili, na sasa nipo wiki ya nne. Kifua kimekuwa kigumu kama ubao, kimekaa juu, na nikikigusa ni cha baridi. Usiku titi ambalo halipo tena linawasha. Mkono wa kushoto hauvuki bega. Mama mkwe anataka nikandwe na maji ya moto halafu nichuliwe. Mwanangu ana miaka miwili, kila siku analilia mgongo. Mume wangu anauliza shamba nitarudi lini. Mimi naogopa hata kujiangalia. Lipi ni la kawaida na lipi ni la hatari? Ndaga fijo, asante sana."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa yote. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji hapa Mbeya miaka 26 kabla ya kustaafu. Wanawake waliotolewa titi nimewauguza wengi. Waliowekewa la bandia ni wachache, maana upasuaji huo hufanyika mbali na huku kwetu, na wengi hurudi nyumbani na kifua kipya na karatasi moja ya maelezo. Maswali yako nitayajibu yote, ila siyo kwa mpangilio ulioyauliza. Naanza na lile lisiloweza kungoja hadi kesho.

Usikandwe na maji ya moto. Hata leo jioni, hata kwa kitambaa tu, hata kama baridi imekuingia hadi kwenye mifupa.

Mama mkwe wako anakupenda, hilo usilitilie shaka. Kwetu mzazi akitoka kujifungua hukandwa, na ameona wengi wakipata nafuu. Lakini mzazi anayekandwa ana hisia zake zote. Maji yakizidi moto anaruka, anapiga kelele, na anayemkanda anapunguza. Wewe hutaruka. Titi linapoondolewa, neva ndogo zinazochukua habari kwenye ngozi ya kifua hukatwa pamoja nalo. Ngozi iliyobaki ni hai, ila imekuwa bubu. Juu ya hapo, nyama na mafuta yaliyokuwa chini yake yameondoka, ngozi imebaki nyembamba juu ya silikoni, na damu inayopita hapo ni kidogo kuliko zamani. Damu ndiyo inayochukua joto na kulisambaza mwilini. Pale ilipo kidogo, joto hukaa palepale likiunguza. Maji ambayo mgongo wako ungeyapokea bila shida yanaweza kutoa malengelenge kwenye kifua hicho, nawe usijue mpaka uone.

Nilimpokea mama mmoja kutoka Makete, kwenye baridi ya kweli, aliyelala na chupa ya maji ya moto kifuani ili apate usingizi. Asubuhi alikuta ngozi imevimba maji. Hakuwa amehisi kitu usiku kucha. Baada ya siku kadhaa ngozi ile ikafa, ikafunguka, silikoni ikaonekana, na ikabidi itolewe. Kidonda chake cha saratani kilikuwa kimepona vizuri kabisa. Kilichomrudisha kwenye meza ya upasuaji ni chupa ya maji. Nilikaa naye usiku ule baada ya upasuaji, na tangu hapo sijamruhusu mgonjwa aondoke wodini bila kumwambia habari ya joto, mara mbili, mbele ya ndugu yake.

Kwa hiyo barafu nayo usiweke, kwa sababu ileile. Maji ya kuoga yapime kwanza kwa mkono wa kulia, yawe vuguvugu, ujimwagie kwa kopo. Usijiloweke kwenye beseni mpaka daktari wako aseme mshono umefunga kabisa. Jikoni, usiinamie moto wala usiipakate sufuria iliyotoka jikoni, hata iliyozungushiwa kitambaa. Na ubaridi unaousikia ukigusa hauna ugonjwa ndani yake. Silikoni haina damu. Inapata joto lake kutoka kwa mwili wako, polepole, na kipupwe cha Rungwe ukikijua hutashangaa ikikaa baridi asubuhi. Vaa fulana ya pamba, kisha sweta, kisha kitenge. Tafadhali usilale na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili upate joto. Hewa yake inaua watu huku kwetu, wenye titi na wasio nalo.

Sasa nakuja kwenye hofu yako ya kujiangalia, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote. Kifua chako hakiwezi kukuambia kimeumia, kimebanwa, kimeungua au kimeingiwa na vijidudu. Kazi hiyo lazima ichukuliwe na macho yako na mkono wako wa kulia. Ukikwepa kioo, kifua kinabaki bila mlinzi. Naelewa kwamba ni vigumu. Wapo niliowashika mkono walipofungua bandeji mara ya kwanza, wakalia, nami nikawaacha walie. Kama siku ya kwanza huwezi peke yako, mwite dada yako au shoga unayemwamini akae nawe. Ya pili itakuwa nyepesi kidogo.

Kila asubuhi simama penye mwanga wa dirisha. Tazama rangi ya ngozi, mshono, na ukubwa ukilinganisha na jana. Kisha weka mgongo wa kiganja cha kulia upande wa kushoto wa kifua, halafu upande wa kulia, usikie kama kuna joto lililozidi. Hili la mkono nalisisitiza, maana maelezo mengi husema tazama kama ngozi imekuwa nyekundu. Ngozi yetu nyeusi mara nyingi haionyeshi wekundu. Ikiwa na vijidudu inaweza kuwa nyeusi zaidi ya kawaida, au ya zambarau, inang'aa, imekaza. Joto ndilo litakalokuonyesha mapema kuliko rangi. Kwa kuwa titi lako kawaida ni la baridi, siku utakayokuta ndilo lenye joto kuliko mwenzake, hiyo ni habari.

Ukiona joto hilo, au uvimbe ulioongezeka ghafla, au usaha, au maji yenye harufu, au mshono unafunguka, au sehemu ya ngozi imekuwa nyeusi kavu kama gamba, au homa ya nyuzi 38 na kuendelea, unaondoka siku hiyohiyo kwenda hospitali. Usingoje Jumatatu. Na usipitie duka la dawa kununua amoksilini. Vijidudu vikishakaa kwenye silikoni, vinajificha juu yake mahali ambapo damu haifiki, na dawa husafiri kwa damu. Vidonge vitapoza homa siku tatu, utadhani umepona, huku chini vijidudu vinaendelea. Mara nyingi titi huokolewa kwa sababu mgonjwa aliwahi, akapewa dawa za mshipa au kusafishwa mapema. Na kama umeanza dripu za saratani, homa peke yake, hata kifua kikiwa salama, ni dharura. Damu yako wakati huo haina askari wa kutosha.

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina madaktari wa upasuaji. Ukifika, usimwachie daktari agundue mwenyewe. Sema kwa sauti: "Nina titi la silikoni upande wa kushoto." Kama kuna maji yamejikusanya na mtu anataka kuyavuta kwa sindano, mwombe afanye kwa altrasaundi ili sindano isitoboe silikoni, na mwombe ampigie daktari wako wa Dar kabla. Siyo ukosefu wa adabu. Daktari mzuri hufurahi kuambiwa.

Hapo ndipo inapokuja kadi. Waliokufanyia upasuaji walipaswa kukupa kadi au karatasi yenye jina la kampuni, aina ya titi, ujazo wake kwa mililita na namba yake. Kama hukupewa, piga simu uiombe wiki hii, wakati jina lako bado wanalikumbuka. Ipige picha, mtumie na mume wako. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliyaondoa sokoni duniani kote matiti yake yenye uso wa mikwaruzo, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya seli za kinga inayoota kwenye utando unaolizunguka titi la bandia. Wanawake wenye kadi waliweza kujua ndani ya dakika moja kama linawahusu. Ugonjwa wenyewe ni nadra na huja miaka mingi baadaye, kwa kawaida kwa titi kuvimba bila sababu. Sikuambii ili ukose usingizi. Nataka tu ujue namba ile inafanya kazi gani.

Mengine uliyoyataja ni ya kawaida, na nayataja haraka. Ugumu kama ubao na titi kukaa juu ni uvimbe pamoja na msuli uliokaza. Kama silikoni imewekwa chini ya msuli wa kifua, inabanwa zaidi. Ndani ya miezi mitatu hadi sita linalegea na kushuka taratibu, ingawa halitakuwa laini kama la zamani wala halitalegea sawa na mwenzake. Titi lisilokuwepo kuwasha nalo linajulikana: ubongo bado una ramani yake ya zamani, na neva zilizokatwa zinajaribu kuota. Utasikia pia vichomo kama shoti ya umeme, na ganzi ndani ya mkono wa juu, kwa sababu neva ya pale hupita kwapani zilikotolewa tezi. Kuipapasa ngozi kwa kitambaa laini mara kadhaa kwa siku husaidia wengi, ukitazama unachofanya. Hisia huenda zikarudi kidogo pembezoni kwa mwaka mmoja au miwili; katikati huenda zisirudi. Nakuambia ukweli huu sasa ili usiendelee kuzingoja ukaacha kutumia macho. Maumivu ya kuchoma yakivuka miezi mitatu, mwambie daktari. Zipo dawa mahususi za maumivu ya neva, na panadol siyo mojawapo.

Kuchuliwa, hapana. Mwili wako sasa hivi unajenga utando kuzunguka ile silikoni, na vidole vya nguvu vya mtu asiyejua kilichomo ndani vinaweza kuisogeza, kufungua mshono au kuleta damu ndani. Mshono ukishakomaa, mtaalamu wa mazoezi tiba atakufundisha kulichua kovu lenyewe kwa vidole viwili, na daktari atasema lini. Wala usipake chochote juu ya mshono, iwe majani, iwe asali, iwe mafuta ya aina yoyote. Mama mkwe ana mikono miwili na moyo wa kusaidia. Mpe kazi ya maana. Akupikie maharage, mayai, maziwa, samaki wa Kyela akipatikana, maana kidonda hujengwa na vyakula hivyo. Na ndiye abebe ndoo.

Mkono wako unanihangaisha kuliko ugumu wa kifua. Wiki ya nne, mkono usiovuka bega mara nyingi ni mkono ulioogopwa. Waliotolewa titi hukaa wameukunja mkono kifuani kama bawa la kuku aliyevunjika, na bega likizoea hivyo linaganda. Lakini siku za mwanzo huzuiwa kupandisha kiwiko juu ya bega, na kwa silikoni iliyo chini ya msuli madaktari wengine hushikilia katazo hilo muda mrefu zaidi. Kwa hiyo piga simu Dar leo uulize jambo moja tu: "Je, nimeruhusiwa kupandisha mkono juu ya bega?" Mpaka ujibiwe, fanya ya chini: zungusha mabega taratibu, kunja na kunjua kiwiko, fumba na fumbua ngumi mkono ukiwa juu ya mto.

Ukiruhusiwa, lala chali kitandani, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, uinue kuelekea nyuma ya kichwa. Mkono wa kulia ndio uusaidie wa kushoto. Unapofika mahali panapovuta, tulia, hesabu polepole hadi tano, urudi. Mara tano hadi saba, asubuhi na jioni. Kisha simama ukiutazama ukuta, vidole vya kushoto vipande juu kama siafu, weka alama ya mkaa vilipoishia. Kesho uone kama umepita alama. Kuvuta ni sawa, maumivu makali siyo. Ukiona kamba nyembamba imejitokeza kwapani kuelekea kiwikoni na inakaza ukinyoosha mkono, usiogope. Hutokea baada ya tezi kutolewa na mazoezi huilegeza, ila mtaalamu wa mazoezi tiba aione.

Kuna sababu nyingine ya haraka hii. Kama umepangiwa mionzi, iwe Ocean Road ya Dar au Bugando ya Mwanza, utalazwa kwenye mashine mkono ukiwa juu ya kichwa, bila kutikisika, siku baada ya siku. Mkono usiopanda huchelewesha tiba ya saratani yenyewe. Mionzi pia hukaza ule utando unaolizunguka titi la bandia, nalo huwa gumu zaidi kuliko kwa wasiopata mionzi. Waulize wataalamu wako mapema wamepanga nini. Ila titi lisiwe sababu ya kukataa mionzi. Titi laweza kurekebishwa baadaye.

Kwa kuwa tezi za kwapani zimetolewa, mkono huo wa kushoto una njia chache za kurudisha maji, na unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Sindano, dripu na kipimo cha presha viende mkono wa kulia. Shambani vaa glavu. Ukijikata au ukichomwa na mwiba, osha kwa sabuni mara moja na uangalie jeraha kila siku. Pete au bangili ikianza kubana upande huo, nenda ukaonwe mapema, maana uvimbe mchanga unatibika kuliko uliokomaa.

Shamba, basi. Katika wiki nne hadi sita za mwanzo, mzigo hauzidi kilo mbili hadi nne. Dumu la lita tatu lipo ndani ya kipimo hicho. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kuipandisha kichwani mikono yote inapita juu ya bega, ndiyo maana ina hatari mbili kwa pamoja. Mkungu wa ndizi vivyo hivyo. Baada ya wiki sita, daktari akikubali, anza na kuchagua parachichi ukiwa umekaa, kupanga kreti tupu, kusimamia vibarua. Kuangua parachichi kwa mti mrefu huku mikono iko juu kunangoja zaidi. Jembe la mkono, kinu na kufua mablanketi, ushauri wangu mimi ni ungoje miezi mitatu. Wengine watakuambia miwili, na huenda daktari wako akakuruhusu mapema akishakuona. Lakini udongo wa Rungwe ukishanyeshewa ni mzito, na sijawahi kuona mwanamke wa huko akilima nusu nguvu. Mwambie mume wako, kwa maneno yangu kama itasaidia: msimu mmoja wa vibarua ni gharama, upasuaji wa pili ni gharama kubwa zaidi, pamoja na nauli na mgonjwa wa kuuguza.

Ukirudi Dar kwa uchunguzi, ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Basi likisimama, shuka utembee, maana mtu aliyetoka kwenye upasuaji na mwenye saratani damu yake huganda miguuni kwa urahisi. Njiani chezesha nyayo. Mkanda wa kiti uwekee taulo ndogo iliyokunjwa kati yake na kifua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni hospitali iliyo karibu, popote ulipo, hata kama ndiyo kwanza mmefika Makambako. Bodaboda iache kwa sasa. Ndege ya Songwe haina shida na silikoni. Haipasuki angani, kama wengine wanavyotishwa.

Kulala, lala chali, kichwa kikiwa juu kidogo, na mto mdogo chini ya mkono wa kushoto. Kifudifudi bado. Sidiria iwe laini, isiyo na waya, isiyoacha alama ya kukaza. Na kanga: fundo lako la kawaida unapotoka kuoga hukaa pale juu ya titi, siyo? Lihamishie begani upande wa kulia. Fundo linalokandamiza sehemu moja kwa saa nzima kwenye ngozi isiyosema hukata damu, na hutajua.

Hukuniuliza habari ya chumbani, lakini ukisema unaogopa hata kujiangalia, najua na yeye bado hajaona. Mwonyeshe ukiwa tayari, mchana, mkiwa mmekaa. Mwambie pale huhisi, ili akikugusa ukakaa kimya asidhani ni hasira. Tendo la ndoa halina katazo mara mwili wako unapojisikia, mradi uzito wake usiwe kifuani. Jambo la lazima ni uzazi wa mpango. Aliyeugua saratani ya titi hatumii sindano, vijiti wala vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vyote vina homoni. Tumieni kondomu, au uwekewe kitanzi cha madini ya shaba, kisicho na homoni. Kama umepewa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, ni hatari kwa mimba. Usiiache bila daktari na usishike mimba ukiwa nayo.

Baadaye, titi la kulia liendelee kupigwa picha kila mwaka. Uvimbe wowote kwenye ngozi au kovu la kushoto uonwe, maana saratani ikirudi upande huo mara nyingi hukaa karibu na ngozi, juu ya silikoni, na mkono huikuta. Silikoni yenyewe haidumu maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani hupendekeza ichunguzwe kwa altrasaundi au MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, mwaka wa tano au wa sita, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, kwa sababu ikipasuka kimyakimya huwezi kujua kwa macho. Andika tarehe hiyo nyuma ya kadi. (Kwa wasomaji wengine mliowekewa kwanza puto la kutanulia ngozi, linalojazwa maji kidogokidogo: mengi ya hayo yana sumaku ndani, kwa hiyo msiingie MRI bila kumwambia mhusika.)

Nimemwacha mtoto mwisho kwa sababu najua ndiye anayekuliza. Mtoto wa miaka miwili ana kilo kumi na kitu, na mbeleko hupita palepale penye mshono, na fundo lake juu. Mgongo wako hataupata kwa miezi mitatu, na baada ya hapo daktari aone kwanza. Lakini hahitaji mgongo, anakuhitaji wewe. Kaa chini kwenye mkeka, egemea ukuta, weka mto mbele ya kifua upande wa kushoto, umwite. Apande mwenyewe, aje upande wa kulia, ajilaze pajani. Mama mkwe anaweza kumfunga mbeleko mgongoni kwake na kukaa karibu nawe, mtoto akikuona. Usiku alale upande wako wa kulia, siyo katikati yenu, maana watoto hupiga mateke usingizini na wewe huenda usiamke.